Penseli ya Mzee Koti

Tarehe 4 Februari

Mzee Koti, shikamoo.

Hunijui, na mimi sikujui kwa sura, ila ndimi niliyekalia kiti chako pale okestrani. Kile cha mpiga pembe wa nne, chenye mguu mmoja uliofungwa kitambaa usigonge sakafu. Anwani yako nimepewa na mtunza nota, yule bibi wa chumba cha makabati, baada ya kumganda siku tatu. Aliniambia, "Usimpigie simu, ataikata. Mwandikie." Basi nakuandikia, na kama nimevuka mipaka nisamehe kama mwanao.

Niliingia hapa mwanzoni mwa mwezi uliopita nikitokea bendi ya zimamoto. Huko tulikuwa kumi na wanane, tukipiga kwenye magwaride, na king'ora kikilia tunatupa vyombo tunakimbilia magari. Nimeacha kazi ya kudumu kwa ajili ya kiti hiki, na bado si changu. Niko kwenye majaribio. Mwisho wa Aprili wapulizaji wote watapiga kura ya karatasi: ndiyo abaki, hapana aende. Mama yangu, fundi cherehani asiyemung'unya maneno, huniuliza kila Jumapili, "Wamekuajiri, au bado wanakuonja?"

Lililonifanya nikuandikie ni penseli yako. Karatasi za pembe wa nne zimejaa mwandiko wako. "Pumua hapa, mbele hakuna nafasi." "Geuza ukurasa kwa mkono wa kushoto." "Hesabu mwenyewe, jirani amesinzia." "Hapa kiongozi atakimbia, usimfuate, mtazame mpiga ngoma." Nimezifuata zote na hata moja haijanidanganya. Wiki ya pili kiongozi wa okestra aliukimbiza wimbo palepale ulipoandika. Wenzangu wakamfuata wakapotea naye, mimi nikabaki na mpiga ngoma, na walinitazama kana kwamba nimepiga ramli.

Sasa swali. Katika ile kazi ndefu ya kufungia msimu, tunayoifanyia mazoezi kila wiki kwa ajili ya onyesho la Mei, kuna mahali kumi na moja ambapo nota za chini, zile nene kabisa, umezipiga mstari ukaandika KIMYA. Karatasi ilivyochapwa inasema piga, penseli inasema nyamaza. Siku ya kwanza niliambiwa kwamba humu ndani penseli inashinda chapa, kwa sababu chapa ilifanyika mbali na penseli ilifanyika hapahapa. Kwa hiyo nanyamaza. Lakini ningependa kujua sababu, maana sauti nene ndiyo kazi ya pembe wa nne, na ndiyo iliyonifanya nikipende chombo hiki.

Ahsante kwa kunilea bila kunijua.

Binti wa Kiti cha Nne

*

Tarehe 15 Februari

Binti wa Kiti cha Nne, marahaba.

Barua yako imenifikia mimi na dada yangu mkubwa, ninayeishi naye tangu nistaafu Desemba. Yeye hasomi barua za watu, ila huuliza maswali mpaka unamsomea mwenyewe. Nimemsomea nusu. Akasema, "Huyu ana adabu, mjibu haraka kabla hajabadilika."

Kuhusu simu, sikio langu la kushoto nililiacha hapo ulipokaa, mbele ya ngoma kubwa. Nikipigiwa naitikia "ndiyo" kwa kila kitu, na mwaka juzi kwa njia hiyo nilijikuta nimeagiza magodoro mawili. Barua haihitaji sikio.

Dada ana swali lake la miaka mingi: watu sabini wa nini? Wimbo huohuo si ungepigwa na watu watano wengine wakapumzika? Nimemjibu tena jana, na nakuandikia wewe pia kwa kuwa umetoka kwenye bendi ndogo. Watano watakuimbia wimbo, na utakuwa mzuri. Sabini watakujengea nyumba uingie ndani yake. Fidla zikiwa peke yake zinaelea tu. Weka filimbi juu yake, kunakucha. Weka pembe chini yake, kunakuwa na sakafu, mtu anaweza kutembea. Dada akasema hajawahi kuona nyumba ya watu sabini yenye amani. Hapo nikamkubalia, maana nawajua wale watu.

Tena kuna suala la pumzi. Hakuna binadamu mwenye pumzi ya dakika mbili. Pembe wanne wanayo. Mmoja akivuta hewa, watatu wanashikilia, halafu wanapokezana, na aliyekaa ukumbini anadhani ni pumzi moja isiyoisha. Kwa hiyo ukiwa pale usiwe na haraka ya kusikika. Kazi yako ni kwamba usikosekane.

Ama hizo KIMYA, ni amri ya kiongozi wa zamani, Mungu amrehemu. Aliona huko chini kumekuwa kuzito mno. Fuata penseli, usihangaike nayo sana.

Jihadhari na mpiga tuba, yule mwenye bomba kubwa kuliko yeye. Tunamwita Tembo. Ni mtu mwema, lakini hukalia kofia za watu.

Mzee Koti

*

Tarehe 1 Machi

Mzee wangu, shikamoo, na nyingine mfikishie bibi hapo nyumbani.

Sijawahi kufurahi kazini namna hii. Nikiingia ukumbini kila mtu anajipigia lake, huyu anapasha midomo, yule anakaza nyuzi, kelele za soko tupu. Halafu zumari moja inatoa nota moja ndefu, wote sabini wanaifuata, na ghafla tumekuwa kitu kimoja. Mwili unanisisimka kila mara. Zimamoto tulikuwa tunaanza kwa filimbi ya sajenti.

KIMYA zako nazitii. Nikifika hapo nashusha pembe mpaka gotini, nanyoosha mgongo, natulia, kama tulivyofundishwa kwenye bendi kwamba anayenyamaza anyamaze kwa heshima. Tembo anakaa nyuma yangu. Siku ya kwanza niliposhusha pembe alinitolea macho, nikamtabasamia. Tangu hapo amekuwa kama mjomba. Ananiletea chai wakati wa mapumziko na kuniambia, "Usijali, binti, tupo." Sijui nisijali nini, lakini chai nakunywa.

Kuna jambo moja dogo. Mama Kwanza, yaani mpiga pembe wa kwanza, mkuu wetu sisi wanne, aliniuliza juzi kama meno yangu ni mazima. Nikamwonyesha yote. Hakucheka. Jana nimekuta kwenye kisimamio changu cha nota kitabu chembamba: mazoezi ya sauti za chini, kwa wanaoanza. Mzee, mimi zimamoto waliniita Chura kwa sababu ya sauti za chini! Nikakirudisha kwa adabu, nikasema nadhani kimepotea njia. Mama Kwanza alishusha pumzi ndefu akaenda zake.

Labda ndiyo mizaha yenu kwa wageni. Kama ndiyo, naomba unidokeze nijue pa kucheka.

Binti wa Kiti cha Nne

*

Tarehe 9 Machi

Binti, marahaba.

Huku mvua. Dada ana mafua na anamlaumu paka. Kuhusu kitabu, usijali sana, watu wa pembe ni watu wa wasiwasi. Fanya mazoezi ya chini nyumbani, asubuhi.

Nilitaka kuandika marefu lakini mkono unauma.

Mzee Koti

Neno moja: unaposhusha pembe, unaishusha kabisa? Mpaka gotini? Ningependa usiishushe. Iache mdomoni tu.

*

Tarehe 23 Machi

Mzee wangu, shikamoo. Pole ya mkono.

Mambo yameniharibikia. Mama Kwanza aliniita kwenye ngazi za nyuma, akazungumza nami kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Alisema mimi ni msikivu, sichelewi, nahesabu vizuri, lakini pembe wa nne asiye na sauti za chini ni mwashi asiye na msingi. Alisema kama hazitatoka kabla ya kura, yeye mwenyewe ataandika hapana, na ataandika kwa uchungu. Nikamwambia, "Lakini pale pameandikwa kimya." Akauliza, "Pameandikwa na nani?"

Nilisema nitaangalia vizuri, nikaziingiza karatasi kwenye begi.

Baadaye nilikwenda kwa mtunza nota nikamwomba kitabu kikubwa cha kiongozi wa zamani, kile chenye sauti zote sabini pamoja. Tulikipekua ukurasa kwa ukurasa. Kiongozi aliandika mengi kwa penseli nyekundu, hata mahali pa kufuta jasho, lakini nota za pembe wa nne hakuzigusa. Zote ziko wazi. Mtunza nota akafunga kitabu polepole, akasema macho yake yamechoka, akaniacha peke yangu.

Labda umesahau, mzee wangu. Miaka ni mingi na karatasi ni nyingi. Sikusema neno kwa mtu. Lakini kura ni baada ya wiki tano, na nikikosa hapa, zimamoto nafasi yangu ameshapewa mwingine. Nyumbani nazipiga zile nota kumi na moja kila asubuhi mpaka jirani wa chini amegonga dari kwa ufagio. Zipo. Zinatoka nzuri. Ninachoshindwa ni kuchukua raba nikafuta maandishi ya mtu mzima bila ruhusa yake.

Niambie nifanye nini.

Binti wa Kiti cha Nne

*

Tarehe 28 Machi

Binti yangu,

Leo shikamoo yako usinipe mpaka umalize kusoma.

Hakuna kiongozi aliyezikata nota hizo. Nimemsingizia marehemu, naye hawezi kuandika barua kujitetea. Nilizikata mimi.

Miaka minne kabla ya kustaafu niling'olewa meno ya mbele, nikawekewa ya bandia. Kwa kula yanafaa. Kwa nota za juu na za kati nilijikaza, zikaja. Lakini za chini kabisa zinataka mdomo ulegee, na nikiulegeza meno yanahama. Siku moja mazoezini yaliniponyoka nikayadaka kwa ulimi. Nikaogopa. Nikachukua penseli nikaandika KIMYA, mahali pamoja tu, kwa siku moja tu. Mpaka msimu unakwisha zilikuwa kumi na moja, na hiyo ni kwenye kazi hiyo moja.

Mimi sikuishusha pembe. Niliiacha mdomoni, nikavuta pumzi, nikajaza mashavu, nikatulia hivyo. Siku ya pili nikasikia nota yangu inatoka nyuma yangu. Ni Tembo. Hakunitazama, sikumtazama. Miaka minne alinipigia nota zangu na hatujawahi kulizungumza hata kwa nusu neno. Ningeweza kustaafu mapema kama mtu mwenye haya. Niliogopa kuwa mtu wa kukaa nyumbani akihesabu chafya za dada.

Ulipoandika kwamba unaishusha gotini, nilielewa palepale. Tembo anakufunika wewe kama alivyonifunika mimi, na wote wanadhani huwezi. Mimi angalau nilijaza mashavu! Wewe unakaa umetulia kama unangoja kupigwa picha. Nililijua hilo wiki tatu zilizopita na nikajificha nyuma ya mkono unaouma. Mkono hauumi, haujawahi kuuma.

Zifute zote. Usibakize hata kivuli. Humu ndani kuna barua ya pili, sikuifunga. Ni ya okestra nzima, na nimeeleza kila kitu. Mpe Mama Kwanza aisome mbele ya watu kabla ya kura, ili ijulikane kwamba ulinyamaza kwa utii na si kwa udhaifu. Siku ya kuniaga walinipa ngao ya shaba iliyoandikwa "Sauti iliyotubeba". Kila asubuhi napita mbele yake nikitazama pembeni. Nitairudisha kwa posta.

Naona aibu, binti yangu. Lakini naona aibu zaidi nikifikiria wewe unakosa kiti kwa ajili ya meno yangu.

Koti

*

Tarehe 7 Aprili

Kaka Koti,

Sijawahi kukuandikia barua, na mwandiko wangu unafanana na nilivyo, kwa hiyo vumilia.

Binti yako hakumpa Mama Kwanza ile barua aisome. Alifika mazoezini kabla ya watu wote, akafuta penseli nusu saa nzima, sketi yake ikajaa vumbi la raba. Tukaanza. Tukafika mahali pa kwanza. Mimi kwa mazoea nikavuta pumzi nikaingia. Na yeye akaingia. Koti, ndugu yangu! Vioo vya madirisha vilitetemeka. Mpiga filimbi aligeuka kututazama, na yule hajageuka nyuma tangu aajiriwe. Kiongozi akashusha kijiti. "Nani huyo?" Binti akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Ni mimi. Nota ni yangu." Kiongozi akanitazama mimi. "Basi tuba, nyamaza." Miaka minne nafanya kazi ya ziada, na shukrani yangu ikawa hiyo.

Tukarudia. Nikanyamaza. Akaipiga peke yake, nene, imetulia, haina hata mkwaruzo. Mama Kwanza alikuwa mbele yangu kidogo na nikaona shingo yake inalegea. Alivua miwani akaifuta, na miwani ilikuwa safi.

Wakati wa chai binti akanipa barua yako. Alisema, "Mjomba, naona hii ni yako kuliko ya wote. Amua wewe." Nimeisoma nyuma ya jukwaa, nimeikunja, iko mfukoni. Haisomwi, kwa sababu haina habari mpya. Tulijua, Koti. Wote.

Mama Kwanza alijua wiki ya kwanza. Alinijia akauliza, "Ni wewe?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Endelea." Mwaka wa pili, alipokuja kiongozi mpya, wapulizaji wote tulikaa kwenye chumba cha makabati siku uliyokwenda kwa daktari wa meno, tuamue tukuambie uondoke au tunyamaze. Tukapiga kura. Ulishinda kwa karatasi zote, pamoja na ya mtunza nota, ambaye hana haki ya kupiga kura.

Na usidhani ni huruma. Huruma huchoka, hasa ya mtu anayepuliza kwa watu wawili. Sababu ni kwamba ulikuwa unapumua. Wale pembe watatu hawakuwa wanaingia kwa kijiti cha kiongozi, kijiti chake unakijua. Waliingia kwa pumzi yako. Wewe ndiye uliyekuwa ukihesabu, na mabega yako yakipanda walijua sasa ndiyo sasa. Hukuwa unatoa sauti, lakini bila wewe wasingejua pa kuanzia. Tulikuwa na nota zako, ninazo mimi. Pumzi hatukuwa nayo kwingine.

Ndiyo maana Mama Kwanza alikuwa mkali kwa binti. Aliposhusha pembe gotini, pumzi nayo ikashuka. Mama Kwanza akaingia mapema mara mbili, mbele ya watu. Alijua tatizo limekaa kwenye kiti cha nne, lakini hakulijua vizuri, na sisi wengine tulimwona mtoto mzuri asiye na sauti za chini na asiye hata na adabu ya kujifanya. Tulikosea, maana karatasi yako yenye KIMYA hatukuwahi kuiona. Nimemwomba radhi, akasema nimpunguzie sukari kwenye chai.

Kuhusu kura siruhusiwi kukuambia lolote, kwa hiyo sikuambii kwamba ulale vizuri.

Ngao iache ukutani.

Tembo

*

Tarehe 29 Aprili

Mzee wangu, shikamoo. Safari hii ipokee, nimeshamaliza kusoma na nimeshamaliza kununa.

Nilinuna, sitakuficha. Siku mbili nilikukasirikia hata nikataka kukuandikia barua ya mstari mmoja. Halafu nikachukua raba, na nilipokuwa nafuta nikaona kitu. Zile penseli nyingine zote, za kupumua na za kugeuza ukurasa, umeziandika kwa mkono mwepesi. Zile KIMYA ulikandamiza mpaka karatasi imeingia ndani. Nilifuta lakini alama ya ncha ya penseli haitoki. Ukipitisha kidole unaisikia. Nikajua uliandika kwa maumivu, hasira ikaniisha.

Kura zimehesabiwa leo. Ishirini na mbili, zote ndiyo. Moja imeandikwa "ndiyo, ila asimtabasamie Tembo wakati wa kazi". Mama Kwanza alinishika mkono muda mrefu, akaniambia, "Sasa pumua kwa sauti kidogo, nikusikie."

Nikampigia mama. Nikamwambia wameacha kunionja. Nikasikia cherehani inaanza kwenda kwa kasi, na najua mama hushona hivyo akiwa hataki asikike analia. Ananishonea gauni jeusi la onyesho.

Humu kuna tiketi mbili za tarehe 12, yako na ya bibi. Safu ya saba, katikati. Ukikataa nitakupigia simu, na najua utaitikia ndiyo.

Pembe wa Nne

*

Tarehe 14 Mei

Pembe wa Nne, marahaba, tena marahaba.

Tuliondoka tukikimbilia basi la usiku bila kukuona, maana dada hulala kwa ratiba, kwa hiyo niliyotaka kukuambia mlangoni nakuandikia.

Miaka thelathini na moja sikuwahi kuisikia okestra. Nilikuwa ndani yake. Aliye ndani husikia ngoma sikioni na kikohozi cha mpiga tarumbeta, na huona visogo vya watu. Juzi ndiyo mara yangu ya kwanza kuona nyuso zenu. Sikujua kwamba Mama Kwanza hufumba jicho moja. Sikujua kwamba Tembo, akinyamaza, huwatazama wenzake kama mtu anayetazama watoto wake wakila.

Nilikuja kukusikia wewe. Nilitega sikio zima, nikajua mahali pa kwanza panakuja, nikainama mbele, na sikukusikia. Nilisikia kitu kikubwa kimesimama mbele yangu, kinakuja chote kwa pamoja. Mahali pa pili, vilevile. Nikakasirika kidogo, nimesafiri mwendo wa saa nne kusikia nota kumi na moja na hata moja siipati! Mahali pa tatu nikaacha kukutafuta. Basi hapo ndipo nikaelewa nilichokuwa nikikifanya miaka yote ile nilipokuwa mzima. Nililia, binti yangu, wala sikutoa kitambaa.

Lakini la dada ndilo ninalotaka ulijue. Tulipotoka, tukiwa kwenye foleni ya kuchukua makoti, alinishika mkono akasema, "Kumbe ile sauti ya chini ipo!" Nikamuuliza ipi. Ndipo akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Kwamba kabla sijahamia kwake, kila onyesho letu liliporushwa redioni alikuwa anakaa kusikiliza, peke yake, maana ndimo alimokuwa akinipata. Na mwaka fulani, akasema, huko chini kukaharibika. Sauti ilikuwapo lakini kana kwamba imevaa viatu visivyo vyake. Akabadilisha betri. Akaipeleka redio kwa fundi, fundi akasema haina kitu. Mwishowe akampa jirani, akamwambia redio hii nzuri, ila imekufa upande wa chini.

Sisi sabini tulijua tukanyamaza, kiongozi hakujua, ukumbi mzima haukujua. Mwanamke mmoja jikoni kwake, mwenye redio ya betri, ndiye aliyesikia kwamba mimi sipo.

Nikamwambia yote palepale, meno, mashavu, Tembo. Ni mtu wa kwanza niliyemwambia kwa mdomo wangu. Nilidhani atanicheka, au atanikasirikia kwa kumficha. Foleni ikasogea, naye akasema, "Kwa hiyo redio yangu ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima, dada."

"Na masikio yangu?"

"Mazima kuliko ya watu wote mle ndani."

Akasema basi nimwombe radhi vizuri. Nikamwomba radhi, katikati ya watu, na koti langu mkononi.

Leo asubuhi kavaa viatu vya kutokea, kaenda kwa jirani kuidai.

Koti